Unataka kufundisha Kiingereza Ulaya? Mwalimu wa Rukwa, soma hii kabla hujauza maksai

Matangazo ya aina hii hayaishi kwenye magrupu ya WhatsApp. Walimu wa Kiingereza wanatakiwa Ulaya, mshahara mnono, nyumba bure, nafasi zimebaki chache, tuma ada ya usajili leo leo.

Wanaolisoma ni watu wa kweli. Ni mwalimu wa sekondari Laela, Namanyere au Matai mwenye shahada na miaka kadhaa darasani. Ni kijana wa Sumbawanga mjini aliyemaliza chuo na bado anasubiri ajira. Nyumbani kuna ekari chache za mahindi na jozi ya maksai wa kulimia, na mtu akitaka hela ya haraka anajua pa kuanzia.

Maksai wakishauzwa, msimu unaofuata familia inalima kwa jembe la mkono. Ndiyo maana ni vizuri kujua ukweli wa jambo hili kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Jibu fupi

Inawezekana Mtanzania kufundisha Ulaya kihalali. Ila si kwa njia inayotangazwa.

Ulaya swali la kwanza siyo "unajua Kiingereza?" Swali la kwanza ni "una haki ya kufanya kazi hapa?" Ukishalielewa hilo, utajua milango ipi imefungwa na ipi iko wazi, na tapeli atapata shida sana kukupiga.

Kwa nini shule za lugha haziwezi kukuchukua kirahisi

Madrid, Prague au Warsaw kuna shule nyingi binafsi za kufundisha Kiingereza jioni, kwa watu wazima na wanafunzi. Hizo ndizo zinazotajwa sana mtandaoni.

Tatizo ni namna zinavyoajiri. Nyingi humlipa mwalimu kwa saa, na kipindi cha likizo kazi hupungua au husimama. Mkataba wa namna hiyo hauna uzito wa kubeba viza ya kazi, maana serikali za huko hutaka kuona ajira ya uhakika na mshahara usiopungua kiwango fulani.

Pili, nchi nyingi za Umoja wa Ulaya humtaka mwajiri aonyeshe kwanza kuwa hakupata mtu anayefaa miongoni mwa raia wa Umoja huo. Na watu hao wapo. Raia wa Ireland na Malta, nchi ambazo Kiingereza ni lugha rasmi, wanahamia nchi nyingine za Umoja na kuanza kazi bila kuomba kibali.

Hata Waingereza wenyewe siku hizi wanahangaika. Nchi yao ilijitoa Umoja wa Ulaya, na uhuru wa kwenda kufanya kazi bila kibali ulikoma Desemba 31, 2020. Kama mtu wa London anatakiwa kutafuta kibali ili afundishe Madrid, wewe wa Sumbawanga usidanganywe kwamba kwako ni kupanda ndege tu.

Ipo pia mipango ya serikali ya walimu wasaidizi wa lugha, kama ule maarufu wa Hispania. Mipango hiyo huchukua raia wa nchi zilizotajwa kwenye orodha maalumu. Soma orodha kwanza, na kama Tanzania haimo, usipoteze muda wala nauli.

Viza ya matembezi siyo kibali cha kazi

Hapa ndipo wengi wanapolizwa.

Kishoka atakwambia, "ingia na viza ya matembezi, kazi utapata ukiwa kule kule." Viza fupi ya Schengen inakuruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ni ya kutembea, kusalimia ndugu au kuhudhuria mkutano. Ukishikwa unafundisha kwa viza hiyo unaweza kurudishwa nyumbani na kuzuiwa kuingia tena kwa miaka kadhaa.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Mtu anayefanya kazi bila kibali hana pa kushtaki kirahisi asipolipwa. Mwajiri anajua hivyo, na anaweza kukulipa anavyotaka.

Njia zilizo wazi

*1. Uza somo, siyo Kiingereza*

Walimu wa sekondari Tanzania wana mtaji ambao wengi hawauoni. Mwalimu wa hisabati au fizikia wa Rukwa anafundisha kwa Kiingereza kila siku. Shule za Uingereza zimekuwa na upungufu wa walimu wa masomo hayo kwa muda mrefu. Kwa hiyo aliyesomea fizikia anaweza kuwa na nafasi nzuri kuliko aliyesomea lugha yenyewe.

England ina hadhi ya ualimu iitwayo QTS. Februari 2023 ilifungua mlango wa walimu wa kigeni kuiomba moja kwa moja, lakini kwa Afrika nchi zilizotajwa ni Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Tanzania haikuwemo, wala Kenya. Orodha inaweza kubadilika, hivyo iangalie mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, GOV.UK.

Kama nchi yako haimo, zipo njia mbili za kuzunguka. Ya kwanza ni kusomea ualimu kule kule England kwa viza ya mwanafunzi. Ya pili ni mafunzo yaitwayo iQTS, ambayo vyuo vya England vilivyoidhinishwa huyatoa kwa walimu walioko nje ya Uingereza, huku wakifanya mazoezi katika shule za nchi walizomo. Zote zinataka shahada, na zote zina ada. Lakini ni ada ya masomo unayolipa chuoni na kupewa stakabadhi, siyo "ada ya nafasi" inayoingia kwenye simu ya mtu.

*2. Shule za kimataifa*

Miji mikubwa ya Ulaya ina shule zinazofundisha masomo yote kwa Kiingereza, zikiwahudumia watoto wa wanadiplomasia na wafanyakazi wa makampuni. Hizi hutoa mikataba ya mwaka au zaidi, na baadhi huwaombea walimu vibali.

Zinapenda mtu mwenye uzoefu wa mitaala ya kimataifa kama ya Cambridge. Hivyo hatua ya kwanza inaweza kuwa Dar es Salaam au Arusha, kwenye shule inayofundisha mtaala huo, kabla ya kufikiria Brussels. Miaka miwili mitatu pale inakupa uzoefu na wadhamini wa kukutetea.

Ukipata mkataba wa namna hiyo, uliza kuhusu Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya. Inataka shahada ya angalau miaka mitatu, mkataba usiopungua miezi 6, na mshahara unaofikia kiwango cha nchi husika. Ireland na Denmark hazimo kwenye mpango huo.

*3. Masomo kwanza, kazi baadaye*

Hii huchukua muda, lakini kwa wengi ndiyo yenye msingi imara. Ufadhili wa Erasmus Mundus wa shahada ya uzamili hulipia ada na kumpa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi. Maombi mengi hufunguliwa kati ya Oktoba na Januari. Huhitaji wakala, unaomba mwenyewe kwenye tovuti ya kozi.

Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi kwa kiasi. Ujerumani ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Akihitimu, anaweza kupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayoendana na elimu yake. Ndani ya muda huo anatafuta kazi akiwa na karatasi zake mkononi, na anaijua lugha ya watu.

*4. Kadi ya fursa ya Ujerumani*

Kuanzia Juni 1, 2024 Ujerumani inatoa kadi iitwayo Chancenkarte. Unaruhusiwa kuingia na kutafuta kazi hadi mwaka mmoja, huku ukifanya kibarua kisichozidi saa 20 kwa wiki.

Masharti: shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambulika nchini mwako, Kijerumani cha kuanzia (A1) au Kiingereza cha kiwango cha B2, na jumla ya pointi 6 kutokana na umri, uzoefu, lugha na mengineyo. Chuo chako unakitafuta kwenye kanzidata yao ya anabin.

Sasa, mfupa uko hapa. Lazima uonyeshe hela ya kujikimu, zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya shilingi milioni 30. Na ukumbuke, kadi hii ni ruhusa ya kutafuta kazi, siyo kazi yenyewe. Shule za serikali kule zinataka Kijerumani cha juu hata kama unafundisha Kiingereza. Kuuza shamba ili kujaza akaunti hiyo bila kujua Kijerumani ni kamari.

*5. Kujitolea, kwa vijana*

Mpango wa Ujerumani wa weltwärts, ambao zamani ulikuwa ukipeleka tu vijana wa Kijerumani nchi zinazoendelea, tangu 2013 unapokea pia vijana kutoka nchi kama Tanzania. Huwa ni wa miaka 18 hadi 28, na baadhi huwekwa mashuleni na kwenye chekechea. Unapata malazi, chakula na posho kidogo. Siyo ajira na huwezi kujenga nyumba kwa posho hiyo, ila unajifunza lugha na unarudi na rekodi safi ya viza. Wanaopeleka maombi ni mashirika washirika yaliyoko hapa nchini.

*6. Kiswahili chako*

Watu wetu walianza kufundisha lugha Ulaya zamani sana, na lugha yenyewe ilikuwa Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki. Alioa Mjerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata aliporudi Afrika Mashariki na mkewe, utawala wa kikoloni ukawakatalia kushuka melini. Alirudi Ujerumani, akafundisha tena Hamburg. Karatasi zimekuwa zikiamua maisha ya walimu wetu tangu enzi hizo.

Leo Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Bayreuth, Hamburg, Napoli, Paris, London na kwingineko. Nafasi ni chache na mara nyingi zinataka shahada ya uzamili. Lakini huko Mwafrika hashindani na mtu wa Dublin, maana lugha ni yake. Kwa anayelenga huko, BAKITA hutoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na ina kanzidata ya wataalamu. Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, imezidi kuipa lugha hii jina.

*7. Fundisha Ulaya ukiwa Sumbawanga*

Mzungu wa Poland anayetaka mazoezi ya kuongea Kiingereza hajali umekaa mji gani, mradi mtandao usikatike. Majukwaa kama Preply na italki yanaruhusu mwalimu kujisajili na kujipangia bei. Huhitaji viza.

Lakini soma masharti. Preply huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio, kisha hukata asilimia 33 ya masomo yanayofuata, na makato hushuka kadri saa zako zinavyoongezeka hadi asilimia 18. Hakikisha njia yao ya malipo inafika Tanzania, weka mpango wa umeme wa akiba, na kumbuka kipato hicho nacho kina kodi.

Vyeti: yupi anafaa, yupi anakula hela bure

Kwa kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, vyeti vinavyoheshimika zaidi ni CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity. CELTA ina takribani saa 120 za masomo, zikiwemo saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi ukiwa unapimwa. Siku hizi inasomeka hata mtandaoni.

Vile vyeti vya kumaliza wikiendi moja, bila kusimama mbele ya mwanafunzi hata mmoja, havina uzito. Na hakuna cheti chochote, hata CELTA, kinachokupa viza.

Utaombwa pia mtihani wa Kiingereza. Uingereza haiiweki Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani huo. Aliyesoma shahada kwa Kiingereza anaweza kuithibitisha kupitia taasisi iitwayo Ecctis. Ukifanya IELTS, matokeo yake hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kabla hujajua unaomba wapi. Na kwa viza ya Uingereza kuna IELTS yake maalumu, usije ukalipia isiyo yenyewe.

Anza na karatasi zilizo karibu

Kabla ya kufikiria Ulaya, kagua majina yako. Kama cheti cha kidato cha nne kina jina tofauti na NIDA, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kina lingine, hapo safari inaweza kukwama. Rekebisha mapema kwa utaratibu wa kisheria.

Pasipoti unaombea mtandaoni na kukamilisha Uhamiaji, na ofisi ya mkoa iko hapa Sumbawanga. Gharama yake ni Sh150,000 na hudumu miaka 10. Utahitaji pia hati ya polisi ya kuonyesha huna rekodi ya jinai, lakini iombe karibu na wakati wa safari, maana nayo huchakaa.

Balozi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Usipande basi kabla ya kupata miadi iliyothibitishwa mtandaoni. Safari moja ya bure na siku mbili tatu za kulala gesti ni hasara ya kutosha.

Maswali matano ya kumuuliza wakala

1. Leseni yako iko wapi? Sheria ya Tanzania ya ukuzaji ajira ya 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira awe na leseni. Uliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wanamtambua.

2. Mwajiri ni nani? Taka jina kamili, anuani na namba ya ofisi. Kisha tafuta namba hiyo mwenyewe na upige. Usitumie namba aliyokupa wakala.

3. Nani anaomba kibali? Nchi kama Poland, mwajiri ndiye anayeomba kibali cha kazi. Uingereza, mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini, na orodha yao iko wazi GOV.UK. Jina lisipokuwemo, hakuna viza ya kazi hapo.

4. Hela hii ni ya nini? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unasema wakala asimtoze mfanyakazi ada. Unaweza kulipia pasipoti, mtihani au ubalozi, lakini unalipa mwenyewe kwenye taasisi husika.

5. Mbona haraka hivi? Mwajiri wa kweli atakufanyia usaili kwa video, atakuuliza unavyofundisha, ataomba wadhamini. Anayekupa kazi bila kukuuliza swali hata moja la darasani hatafuti mwalimu.

Akitaka kukaa na pasipoti yako, ondoka. Kama umeshapigwa, nenda polisi ukiwa na ujumbe na miamala yote, usifute kitu. Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na ahadi ya kazi ya uongo ni mojawapo ya mitego yake.

Kama uko kwenye ajira ya serikali

Usitoroke. Mtumishi wa umma anayekosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa anaweza kufukuzwa. Zungumza na mwajiri kuhusu ruhusa ya masomo au likizo bila malipo, na usubiri jibu la maandishi. Walioacha ajira kwa ahadi ya simu, safari ikafa, wamejikuta hawana Ulaya wala Laela.

Uanze na nini mwezi huu?

Chagua njia moja kati ya hizo saba, siyo zote. Linganisha majina kwenye vyeti vyako. Fungua tovuti rasmi ya nchi unayoitaka: GOV.UK kwa Uingereza, Make it in Germany kwa Ujerumani, na EURES kwa ajira za nchi za Umoja wa Ulaya. Kusoma zote ni bure.

Kisha piga hesabu ya miaka miwili au mitatu, siyo ya wiki mbili. Katika hesabu hiyo maksai wabaki zizini wakilima, maana ada ya mtihani na pasipoti inaweza kutoka kwenye gunia la mahindi na maharage. Njia yoyote inayokulazimisha kuuza kila kitu kwa mkupuo, kabla hujaona mkataba wenye jina lako, siyo njia ya kazi.